Jack Davies wa Mulago na siri ya mioyo ya wahamiaji

CIBITOKE, Bujumbura – Mfanyabiashara wa Cibitoke anayefuata mzigo Kampala siku hizi hupanda basi, akavuka mpaka wa Kobero, akapita mkoa wa Kagera na kugonga muhuri Mutukula. Miaka 80 hivi iliyopita, watu wa Urundi waliifuata njia ya upande huo huo kwa miguu, wakilala porini, wakienda Buganda kulima pamba na kahawa za watu. Wengi walirudi na nguo, baiskeli na fedha za kulipia kodi. Wengine hawakurudi.

Baadhi ya hao waliishia katika wodi za Hospitali ya Mulago, tumbo limejaa maji na pumzi zinawakatika. Walipofariki, miili yao ilifika mbele ya daktari Mwingereza aliyekuwa hakubali kuandika tu kwamba moyo umeshindwa kazi. Alitaka kujua umeshindwa kwa nini.

Daktari huyo ni Jack Neville Phillips Davies, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 1998. Katika vitabu vya udaktari jina lake limebaki kwenye ugonjwa uitwao endomayokadia faibrosisi, kwa kifupi EMF, ambao baadhi ya wataalamu waliuita ugonjwa wa Davies. Ni ugonjwa wa kovu linaloota ndani ya moyo, likazuia vali zisifunge na kuifanya damu irudi ilikotoka. Historia yake inawahusu moja kwa moja watu wa Burundi na Rwanda, ingawa wengi wao hawajawahi kulisikia jina hilo.

Kutoka Bristol hadi Mulago

Davies alifika Uganda katika miaka ya 1940 na kujiunga na shule ya udaktari ya Makerere, ambayo wanafunzi wake walijifunzia kazi Mulago. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1913 kwa juhudi za Albert Cook, mmisionari aliyekuwa ameanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Shule ya udaktari ilifuata katika miaka ya 1920, na ndiyo iliyowatoa madaktari wa kwanza wa Kiafrika waliosambaa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar.

Fani ya Davies ilikuwa patholojia, yaani elimu ya kuchunguza ugonjwa umefanya nini ndani ya mwili. Kazi yake kubwa ilikuwa chumba cha maiti na hadubini. Mwanapatholojia hukutana na mgonjwa akiwa amechelewa, lakini huona kile ambacho daktari wa wodini amekikisia tu.

Alichokikuta Mulago kilimshangaza. Wagonjwa wengi wa moyo hawakuingia katika mafungu yaliyofundishwa Ulaya. Hawakuwa na shinikizo kubwa la damu, wala mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Baadhi walikuwa watoto na vijana. Arthur Williams, daktari wa Mulago, alikuwa ameandika kuhusu magonjwa ya moyo ya watu wa Uganda tangu mwaka 1938. Mwaka 1946 madaktari wawili wa Uingereza, Bedford na Konstam, walieleza habari za askari kutoka Afrika Magharibi waliougua moyo wakiwa Mashariki ya Kati, bila chanzo kujulikana. Dalili zilikuwapo, ila hakuna aliyekuwa amezikusanya zikawa ugonjwa mmoja wenye jina.

Davies ndiye aliyezikusanya. Mwaka 1948 alichapisha makala katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kuhusu kovu la ndani ya moyo kwa Waafrika. Mwaka huo huo aliwasilisha tasnifu yake ya shahada ya juu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bristol juu ya jambo hilo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Mlango usiofunga

Moyo una vyumba vinne na vali nne. Upande wa kulia hupokea damu iliyotumika mwilini na kuisukuma mapafuni. Upande wa kushoto hupokea damu safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika, na kwa siku moja hupiga mara zipatazo 100,000.

Vali ni milango inayofunguka upande mmoja tu. Damu ikipita, mlango hufunga nyuma yake. Katika vyumba vikubwa vya chini, vali hushikiliwa na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye misuli ya moyo, mithili ya kamba za mwavuli, ili zisipinduke moyo unapokaza.

Davies aliona kwamba katika ugonjwa huu kovu jeupe na gumu hutanda ndani ya vyumba vya chini, kuanzia kwenye ncha ya moyo na kupanda juu. Likifika kwenye nyuzi na misuli inayoshikilia vali, huzinasa. Jani la vali likigandishwa ukutani haliwezi tena kwenda kukutana na mwenzake. Moyo ukikaza, sehemu ya damu huenda mbele na sehemu nyingine hurudi nyuma. Chumba chenyewe nacho hupungua nafasi, kwa kuwa kovu hujaza sehemu yake na kuta zake hazitanuki vizuri.

Damu ikirudi upande wa kushoto, hurundikana mapafuni. Mgonjwa hushindwa kupanda mlima, kisha hushindwa kutembea tambarare, kisha hushindwa kulala chali. Ikirudi upande wa kulia, hurundikana kwenye ini na tumboni. Mishipa ya shingo huvimba na uso hujaa. Tumbo hufura maji kiasi cha kumfanya mtu aonekane mjamzito, na mara nyingi miguu hubaki imevimba kidogo tu au haijavimba kabisa. Hali hiyo ya tumbo kubwa juu ya miguu myembamba ikawa alama ya kuutambulia ugonjwa huo Mulago. Vijijini hali kama hiyo ni rahisi kuihusisha na sumu au uchawi.

Mwaka 1954 Davies, Williams na mwenzao J. D. Ball walieleza namna ya kuutambua ugonjwa huo kwa mgonjwa aliye hai na mahali unakopatikana. Mwaka uliofuata Davies na Ball walichapisha katika jarida la moyo la Uingereza maelezo marefu ya kovu hilo, lilivyoanza na lilivyonasa vali. Tangu hapo madaktari wa Nigeria, kusini mwa India, Brazil na Msumbiji walitambua kwamba nao walikuwa wakiuona ugonjwa huo huo. Karibu maeneo yote yalikuwa ya joto na mvua, na wagonjwa karibu wote walikuwa maskini.

Waliovuka mpaka

Katika kumbukumbu za Mulago palikuwa na jambo lililowarudisha watafiti kwenye ramani. Miongoni mwa waliokufa kwa EMF, wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Ili kuelewa, ni lazima kurudi katika hali ya wakati huo. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, makao makuu yakiwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Watu walidaiwa kodi ya fedha taslimu, kazi za shuruti na kilimo cha lazima. Mwaka 1943 na 1944 njaa iliyoitwa Ruzagayura iliua watu wengi sana Rwanda. Ng'ambo ya mpaka, Buganda ilikuwa na ardhi, pamba, kahawa na mwajiri anayelipa shilingi. Maelfu kwa maelfu walivuka kila mwaka. Waliotoka Rwanda walipita zaidi Kagitumba na Mirama Hills, na waliotoka Urundi wengi walizunguka upande wa Tanganyika na kupanda kupitia Kyaka. Wapo pia waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako vibarua wake walijulikana kwa jina la manamba.

Mhamiaji wa namna hiyo alianza maisha kwa mwenyeji kama kibarua. Alilala katika kibanda, akala chakula cha bei nafuu, akafanya kazi nzito, na akiugua alikuwa mbali na ndugu zake. Katika ripoti za hospitali amebaki kama umri, jinsia, kabila na uzito wa moyo wake. Ugonjwa ulipewa jina la daktari, lakini majina ya waliouonyesha hayakuandikwa popote wanapoweza kusomwa.

Mwaka 1968, Davies akiwa ameshaondoka, watafiti Shaper, Hutt na Coles walichapisha hesabu ya maiti zilizochunguzwa Mulago kuanzia mwaka 1950 hadi 1965. Walilinganisha EMF na ugonjwa mwingine unaoharibu vali, ule wa baridi yabisi ya moyo. Ulinganisho huo ulikuwa na maana. Kama wahamiaji walionekana wengi kwa sababu tu maiti zao zilichunguzwa zaidi, wangekuwa wengi kwa kiwango hicho hicho katika magonjwa yote mawili. Haikuwa hivyo. Katika EMF watu wa asili ya Rwanda na Burundi walizidi, jambo lililokuwa tofauti na ugonjwa ule wa pili. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1999, uchunguzi mwingine wa Mulago uliowahusu wagonjwa walio hai ulipata tena uhusiano huo, pamoja na umaskini.

Hapo pana swali ambalo hadi leo halijafungwa. Je, walikuja na ugonjwa, waliukuta walikofikia, au waliupata kwa sababu ya namna walivyolazimika kuishi kati ya pale na hapa?

Daftari lililovuka miaka

Davies hakuwa mtu wa ugonjwa mmoja. Mwaka 1950 alikuwa profesa wa patholojia Makerere. Alishirikiana na Hugh Trowell na R. F. A. Dean katika kitabu kikubwa kuhusu kwashiakoo kilichotoka mwaka 1954, wakati ambapo wengi bado walibishana kama utapiamlo huo wa watoto ni ugonjwa wa peke yake. Katika miaka hiyo hiyo alisimamia kuanzishwa kwa daftari la saratani la Kampala, ambalo liliandika kila mgonjwa wa saratani, umri wake na mahali alikotoka. Ni miongoni mwa madaftari ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika na bado linatumika kama rejea.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt alipochapisha mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, ofisi ya Davies ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu za kulitazama jambo hilo kwa upana. Mwaka 1960 Davies na Mmarekani Gregory O'Conor walionyesha kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa sehemu nyingine za mwili wa watoto hao ulikuwa saratani moja.

Alipenda pia makaratasi ya zamani. Alifukua kumbukumbu za Mengo tangu mwaka 1897 na kuzihesabu upya. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1964 ikiwa na majina ya watafiti wa Afrika Mashariki, Owor na Mtimavalye, pamoja na lake. Mwaka 1959 aliandika kuhusu tiba ya Bunyoro, ambako msafiri Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 waganga wakimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto, mama akapona. Kwa Mzungu wa enzi ya ukoloni kuieleza tiba hiyo kama elimu yenye majaribio na kumbukumbu, lilikuwa jambo lisilo la kawaida.

Tabia yake ilikuwa moja katika yote hayo, nayo ni kuhesabu na kuandika mtu ametoka wapi. Bila mazoea hayo Mulago, Mrundi aliyefia Kampala angeandikwa mgonjwa wa Kampala, na habari ya waliovuka mpaka isingejulikana.

Ndizi, muhogo na malaria

Chanzo cha EMF ndicho kilichomshinda Davies, na waliomfuata kimewashinda pia. Kila kizazi kilikuja na dhana yake.

Kwa kuwa Buganda hula ndizi, palikuwa na waliodhani kemikali iitwayo serotonini, iliyomo kwenye ndizi, inaumiza utando wa moyo. Dhana hiyo ilidhoofika, maana walaji wa ndizi wako wengi duniani wasiougua. Wengine walitazama minyoo ya damu, wengine malaria na namna mwili unavyojihami nayo. Kuna walioona kwamba wagonjwa wengi huwa na aina fulani ya chembe nyeupe za damu kwa wingi, zile zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo au mzio. India, watafiti wa Kerala walishuku madini ya siriamu yanayonyonywa na muhogo kutoka ardhini, hasa kwa mlaji asiyepata magnesiamu ya kutosha.

Hakuna dhana iliyothibitishwa. Hilo lieleweke vizuri kwa mfanyabiashara anayesafirisha ndizi na muhogo kati ya Burundi, Kongo na Tanzania: hakuna ushahidi kwamba mlo wa ndizi au muhogo peke yake unaleta ugonjwa huo. Kinachojirudia katika tafiti ni umaskini, mlo finyu na utoto uliojaa maambukizi.

Tiba nayo ilichelewa. Davies akiwa Mulago hakukuwa na upasuaji wa kuwasaidia wagonjwa hao. Dawa za kupunguza maji ziliwapa nafuu ya muda, na tumbo lilitobolewa maji yatoke, kisha yakajaa tena. Mwaka 1971 mpasuaji Mfaransa Charles Dubost alionyesha kwamba kovu linaweza kubanduliwa na vali kubadilishwa. Ni upasuaji mzito hadi leo, na wanaoufikia ni wachache.

Kuondoka

Davies aliondoka Makerere mwaka 1961. Mwaka uliofuata Burundi, Rwanda na Uganda zilipata uhuru, na Mulago mpya ikafunguliwa. Yeye alihamia Marekani, akawa profesa wa patholojia katika chuo cha udaktari cha Albany, jimbo la New York, na kuendelea kuandika kuhusu magonjwa ya Afrika na historia yake. Nyuma yake Makerere ilipita katika miaka migumu ya utawala wa Idi Amin, walimu wakakimbia na tafiti nyingi zikasimama. Mtiririko wa utafiti wa EMF uliokuwa ukiongozwa na Kampala ukapungua kasi.

Wakati huo njia za uhamiaji nazo zilibadilika sura. Kuanzia mwaka 1959 kwa Rwanda na 1972 kwa Burundi, waliovuka mipaka wengi hawakuwa vibarua tena bali wakimbizi.

Kilichobaki mezani

Kilichobadilika zaidi tangu enzi ya Davies ni kwamba leo si lazima mtu afe ndipo vali yake ionekane. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi hukiita eko, huonyesha mlango unaovuja na damu inayorudi nyuma mgonjwa akiwa amelala kitandani na bila kupasuliwa. Kwa kipimo hicho, uchunguzi uliofanywa katika eneo la Inharrime, Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2008 uligundua dalili za EMF kwa karibu mtu 1 kati ya 5, wengi wao wakiwa bado hawajioni kuwa wagonjwa.

Kwa familia nyingi za Bujumbura, hatari iliyo karibu zaidi ni ule ugonjwa wa pili, wa baridi yabisi ya moyo, ambao chanzo chake kinajulikana. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria kwa mtoto, yasiyotibiwa vizuri. Mwili ukijihami hushambulia vali zake wenyewe, na miaka mingi baadaye vali hukakamaa au huvuja. Penisilini kwa koo la mtoto ni dawa ya bei ndogo. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, na mzazi anayesafiri kibiashara asiiruke tarehe hiyo kwa sababu ya safari. Mtu mzima anayekatika pumzi kuliko wenzake kwenye mzigo ule ule, au anayevimba tumbo bila sababu, anapaswa kupimwa moyo kabla ya kutafuta aliyemroga.

Uganda ilianzisha taasisi yake ya moyo Mulago mwaka 1988. Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, tangu mwaka 2015. Katika mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa vituo vya umahiri, Tanzania ilipewa magonjwa ya moyo na Burundi ikapewa elimu ya lishe. Ugonjwa wa Davies unagusa vyote viwili, moyo na sahani ya chakula, na bado hauna mwenyewe. Mgonjwa wa Cibitoke anayehitaji vali mpya huvuka mpaka kama walivyovuka wa zamani, safari hii akitafuta tiba.

Anapofika upande wa pili, swali la Davies ndilo lile lile linalopaswa kuulizwa kwenye dawati la mapokezi: umetoka wapi, umekaa wapi, na umekuwa ukila nini. Majibu hayo yakiandikwa Dar es Salaam na Kampala lakini yasifike Bujumbura, wataalamu wa lishe wa Burundi hawatakuwa na cha kuanzia, na swali la mwaka 1948 litaendelea kusubiri.